Ya Zamani Iko Wapi?

Ukiwakusanya wageni wote wa Kimironko, mtaa wa Kigali, ukawaambia watoe vibali vyao vya kuishi Rwanda, utaona jambo la kuchekesha: nusu yao wamevaa koti moja. Sisemi makoti yanayofanana. Nasema koti lenyewe, la buluu iliyokolea, linalopwaya mabegani, kifungo cha juu hakipo. Muuza simu wa Bukavu amelivaa, fundi umeme wa Uganda amelivaa, na mimi mwalimu wa Kiswahili kutoka Tabora nimelivaa, nimekodoa macho kama mwanafunzi aliyeulizwa swali asilolijua. Picha za vibali hupigwa mbele ya ukuta mweupe, na watu wetu wakiambiwa waende kupiga picha rasmi huvaa shati jeupe. Matokeo yake ni kichwa kinachoelea hewani. Ndiyo maana koti lile lilitundikwa msumarini siku zote, na mwenye koti alikuwa Madamu.

Sikuwahi kumwita vinginevyo. Jina lake nililijua baadaye, lakini hata majirani zake wa miaka mingi walimwita Madamu tu, kwa heshima ile ile wanayopewa walimu wa kike na wake za wakubwa, ingawa yeye hakuwa mwalimu wala mke wa mkubwa. Alikuwa mjazaji wa fomu. Meza yake ilikuwa ndani ya duka la fotokopi, hatua chache kutoka sokoni, kati ya mashine iliyokuwa ikikwama kila asubuhi na dirisha lililotazama kituo cha pikipiki. Mgeni aliyetaka kibali, aliyepoteza kibali, au aliyepata pasipoti mpya na sasa anahangaika viza yake ihamie humo, aliambiwa na mgeni mwenzake: nenda kwa Madamu.

Nilikwenda mwaka ambao pasipoti yangu ya kwanza ilikuwa inaisha. Ubalozi wetu ulinipa mpya, inanukia, ngumu kama kitabu ambacho hakijafunguliwa. Nikaitia mfukoni mwa shati, nikaenda kwake nikiwa najiona nimemaliza kazi. Hakunisalimia. Aliipokea, akaipekua kurasa zote tupu, akanitazama juu ya miwani.

"Ya zamani iko wapi?"

"Nyumbani, kwenye droo. Si imeshakwisha?"

"Yewe, Mwarimu! Hii mupya haikujui. Haijui uliingia lini, haijui nani alikukubalia ukae. Ile ya zamani njo inakujua. Panda moto, kaniletee."

Nikapanda pikipiki kama nilivyoamriwa. Niliporudi alinieleza taratibu, kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha kueleza jambo lile lile tangu asubuhi. Kibali kimebandikwa kwenye pasipoti iliyokufa. Ili kihamie kwenye iliyo hai, lazima wakubwa waone zote mbili kwa pamoja, wahakikishe kwamba mwenye uso huu ni yule yule. Wakimaliza, ile ya zamani hukatwa kona ijulikane haitumiki, halafu hurudishwa kwa mwenyewe. Na hapo ndipo wengi hujiponza, kwa sababu mtu akishapewa kitu kipya husahau kudai kikuukuu. Basi Madamu hakumruhusu mteja aondoke mpaka ameapa kwamba hatatoka dirishani bila ya zamani mkononi. Nami niliapa. Alinifungia pasipoti zangu mbili kwa mpira mwekundu, akasema nisiufungue ule mpira mpaka mbele ya ofisa.

Alikuwa na taratibu zake, na alizishika kuliko padri anavyoshika za altare. Hakuna chai mezani. Hakuna gundi. Kabla ya kugusa pasipoti ya mtu alijifuta mikono kwa kitambaa cheupe, kidole kimoja kimoja, na mwenye pasipoti naye alipewa kitambaa ajifute. Mwanzoni nilidhani ni mbwembwe. Nilikuja kuelewa siku aliponisimulia kuhusu karatasi aliyoishi nayo Bujumbura miaka ya ujana wake wote, karatasi moja ya mkimbizi, iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo ikatoboka, na jina lake likawa limekaa sawasawa juu ya tundu. "Polisi alikuwa ananiuliza, wewe njo nani? Namwambia soma. Anasema hapa iko shimo." Alicheka sana alipofika hapo. Mimi sikuweza kucheka.

Jambo alilolipenda kuliko yote lilikuwa kusoma kashe, kama alivyoiita mihuri ya mipakani. Mteja akishajaziwa fomu, Madamu alivuta kioo chake cha kukuzia maandishi na kuanza kupekua safari za watu. Alimjua kila aliyepita Gatuna usiku na kila aliyekwama Rusumo siku mbili. "Huyu aliingia Nairobi akatoka siku ile ile. Kwa nini? Waligombana na nani?" Mwenye pasipoti alijikuta anaeleza mambo ambayo hata mkewe hayajui. Ya kwangu aliisoma yote, na akagundua kwamba miaka miwili mfululizo sikwenda nyumbani. Hakuniuliza sababu. Alinifunga tu kwa swali lingine: "Mama yako bado anaishi?" Desemba ile nilikwenda Tabora.

Sasa tuseme ukweli, maana nisipousema mtadhani alikuwa malaika. Madamu alikuwa mkali wa kupitiliza. Alikwenda misa kila siku alfajiri, na saa mbili alikuwa ameshaitukana mashine ya fotokopi kwa Kifaransa kisichosemeka kanisani. Aliwafukuza watu waliodanganya kwenye fomu, hata kwa jambo dogo kama kuficha kazi waliyoacha, ilhali yeye mwenyewe alipunguza umri wake kila alipoulizwa, na kila mara kwa idadi tofauti. Aliwahimiza wateja watunze nakala tatu tatu za kila karatasi, na zake alizirundika kwenye kopo la biskuti juu ya kabati nyumbani kwake, bila mpangilio wowote. Kiswahili chake kilinipa homa ya kikazi. Siku moja nilijaribu kumsahihisha kwa upole. Alininyooshea rula. "Mwarimu, kile unafundisha ni cha mutihani. Hiki changu kimevusha watu mipaka." Sikurudia tena.

Kinyume kikubwa kuliko vyote kilikuwa pasipoti yake mwenyewe. Mwanamke huyu aliyehamisha viza za watu wasiohesabika alikuwa na pasipoti tupu. Aliipata utu uzimani, baada ya kurudi nchini, akaivika karatasi ya kalenda kama daftari la shule, na hakwenda nayo popote. Nilipomuuliza kwa nini, alishangaa swali lenyewe. "Niende wapi? Nilikuwa tu nataka kuwa nayo."

Hapo hakuwa amesema ukweli wote. Alikuwa na mahali pa kwenda.

Kaka yake mkubwa aliondoka Bujumbura kijana, kwa msaada wa masomo, akafika Kanada na kubaki huko. Hawakuonana tena. Kwa miaka mingi zilikuwa barua, kisha sauti ya simu, na mwishowe zile simu za kuonana uso kwa uso, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba kaka haoni. Madamu alikuwa akimwonyesha mtandio mpya, naye anausifia ukuta. Ugonjwa wa macho ulikuwa umemla jicho moja kabisa na lingine lilikuwa linafifia. Kwenye kioo cha simu hakuona kitu ila mwanga. Aliweza bado kumwona mtu aliyekaa mbele yake, karibu, mchana. Daktari hakumpa muda mrefu.

"Anataka anione," Madamu aliniambia siku hiyo, akipanga mipira yake ya rangi kwenye kisanduku bila sababu. "Anasema anataka ajue kama nimezeeka kuliko yeye. Bure kabisa."

Aliomba viza akanyimwa. Akaomba tena akanyimwa. Mara ya tatu akapewa, ya miaka kadhaa, stika nzuri iliyojaza ukurasa mzima, na kwenye picha alikuwa amevaa nini? Koti. Tulisherehekea kwa brosheti, mishikaki ya Kigali, na ndizi za kuchoma, yeye akanywa Fanta mbili. Wiki chache baadaye korona ikafunga dunia, na viwanja vya ndege vikawa vya ndege wa kawaida tu. Dunia ilipofunguka hakuwa na nguvu, alikuwa ameugua mapafu. Alipopona, ikatangazwa kwamba pasipoti zote za zamani zibadilishwe, zije za kielektroniki. Viza ilikuwa bado hai, miezi minne imebaki, lakini ilikuwa imelala ndani ya pasipoti inayokufa, na ingemlazimu asafiri na zote mbili. Yaani ile kazi aliyowafanyia watu maisha yake yote, sasa ilikuwa imemfikia yeye.

Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Nani angekuwa na wasiwasi? Alikwenda kuchukua mpya asubuhi, kabla ya kufungua meza, akarudi saa nne anatabasamu. Tukamwona siku hiyo na kesho yake. Siku ya tatu meza ilikuwa tupu, na koti limetundikwa peke yake. Siku ya sita nikaenda nyumbani kwake.

Alinifungulia akiwa na kanga ya kulalia. Hakunikaribisha chai, ndipo nikajua mambo ni mazito.

"Mwarimu," alisema, "sina ya zamani."

Nilikaa chini. Akanieleza akiwa ametazama sakafu. Alikuwa kwenye foleni, namba yake iko mbali, mara kijana wa dirishani akasimama, akamwita kwa sauti mbele ya watu wote: Madamu! Akamtoa kwenye foleni. Alikuwa mtoto wa mama mmoja aliyewahi kuwa mteja wake, mwanamke aliyekulia Bujumbura kama yeye. Akamuulizia afya, akampokea pasipoti ya zamani kwa mikono miwili, akampa mpya kwa mikono miwili, akasema ni heshima kwake kumhudumia. Watu wakamtazama. Wawili watatu wakamsalimia. Na Madamu, aliyewafundisha watu wote wasitoke dirishani, akaona haya kusimama pale na kudai kitu kutoka kwa kijana mwenye adabu kiasi kile, kama vile hamwamini. Akasema moyoni kijana atamwita mwenyewe amrudishie. Watu wa nyuma wakasogea. Akatoka nje ameinua shingo, akapanda pikipiki, na alipofika Kimironko ile haya ilikuwa imegeuka furaha, akasahau. Alikumbuka usiku wa pili, kaka yake alipomuuliza tarehe ya mwisho ya viza na yeye akanyoosha mkono kwenye kopo la biskuti.

"Basi twende tukaidai," nilisema. "Ulivyowaambia wengine."

"Wapi! Nirudi pale? Waseme Madamu naye amesahau ya zamani? Nitakaa tena kwenye meza ile namna gani?"

"Na kaka yako?"

Akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yalikuwa yakishuka na yeye hayafuti. Nilimwonea huruma kiasi kwamba nilitaka kumsaidia kusema uongo, na kweli tulianza kuupanga. Mimi ndiye niende dirishani.

"Utasema ni yako," alisema.

"Madamu, kwenye picha kuna mwanamke."

"Sema ni ya shangazi yako. Shangazi ni mugonjwa."

Tulikwenda kesho yake. Alijitanda kitenge mpaka kwenye nyusi, akavaa miwani ya jua, akakaa benchi la mwisho kabisa nje. Nikasimama kwenye foleni nikiwa na shangazi yangu mgonjwa mdomoni. Nilipofika dirishani, yule kijana alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, bila kuniuliza hata jina la shangazi.

"Mzee, samahani," alisema. "Pasipoti ya mtu hatuwezi kumpa mtu mwingine. Aje mwenyewe. Na aje haraka. Zile zilizoachwa kwenye katoni zinakwenda kuharibiwa."

Nikarudi benchini nikampa habari. Nilidhani atanikasirikia. Alikaa akitazama lile dirisha, na mimi nikitazama ile foleni na kuhesabu watu aliowavisha koti. Niliwajua wanne. Yeye aliwajua zaidi.

Kisha akavua miwani. Akashusha kitenge mabegani. Akatembea mpaka dirishani, na watu wakampisha kwa sababu hakuonekana mtu wa kuambiwa apange foleni.

"Mwanangu," alisema, kwa sauti ya mezani kwake, ile inayosikika mpaka sokoni, "nimesahau ya zamani. Mimi. Iko na viza ndani, na kaka yangu iko anapofuka. Naomba uniangalilie."

Sauti moja nyuma ikasema, "Madamu?" kwa mshangao wa kweli. Hakugeuka.

Kijana hakuinuka kwenda kwenye katoni. Alivuta droo yake mwenyewe. Akatoa bahasha, na ndani ya bahasha pasipoti iliyovikwa karatasi ya kalenda, imefungwa kwa mpira.

"Nilikimbia nje siku ile," alisema, "nikakuta umeshapanda moto. Nikakupigia, namba haipo."

Namba aliyoandika kwenye fomu ilikuwa ya simu aliyoiacha zamani. Yeye, mjazaji wa fomu! Lakini wakati huo hakuna aliyejali namba. Madamu alikuwa anafungua kurasa bila kujifuta, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kona ya ganda la pasipoti ilikuwa imekatwa. Kona za kurasa zilikuwa nzima. Stika ya viza ilikuwa imekaa pale pale, na yeye amekaa juu yake ndani ya koti.

"Umekata ganda tu," alisema.

"Si wewe ulifundisha?" Kijana aliinamisha kichwa. "Viza ya mama ilikatwa. Hakusema kama iko viza ndani, wakapitisha mukasi kurasa zote, akarudishwa kutoka uwanja wa ndege Kanombe na mizigo yake, safari ya Uchina ikafa. Tulikuja kwako. Uligomba sana, ukachukua kalenda na mukasi ukamuonyesha: kona ya ganda, ganda tu. Ulikuwa unamuonyesha mama, lakini na mimi nilikuwa pale. Kila pasipoti inayofika hapa ninaifungua kwanza."

Madamu alimshika kijana yule uso kupitia uwazi wa kioo, kwa mikono yote miwili, kama mtoto wake. Halafu akageukia foleni. Nilidhani atasema maneno ya shukrani.

"Ninyi wote," alisema, "mumeona? Musitoke hapa bila ya zamani."

Watu walicheka, na yeye akacheka, na siku iliyofuata alikuwa mezani kwake saa mbili anaitukana mashine.

Mkataba wangu uliisha kabla hajasafiri. Niliondoka Kigali bila kujua kama alifika. Namba yake, kama mlivyoona, haikuwa ya kutegemewa.

Nilirudi mwaka jana kwa harusi ya mwanafunzi wangu. Nilishuka Kanombe, nikaweka mizigo, nikachukua pikipiki moja kwa moja hadi Kimironko, nikiwa na hofu kidogo, maana miaka ni miaka. Koti lilikuwa msumarini. Chini yake, Madamu, amepungua mwili, miwani imekuwa minene.

"Mwarimu," alisema, bila mshangao wowote. "Lete pasiporo."

Nikampa. Lakini hakuisoma. Aliiweka kando, akafungua kopo la biskuti, ambalo sasa lilikuwa limehamia mezani, akatoa pasipoti mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira mwekundu. Akanirushia kitambaa cheupe.

"Futa mikono. Leo soma yangu."

Nilijifuta kidole kimoja kimoja. Nikaifungua ile mpya. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mtupu, wa pili ulikuwa na muhuri wa kutoka Kanombe, na kando yake mwingine, wa Montreal, umegongwa kwa nguvu kiasi cha kuacha alama upande wa pili.

"Kule hawapigi tena kashe," alisema. "Ni mashine tu. Nikamwambia yule ofisa, mimi siondoke kwenye dirisha hili. Watu nyuma wakangoja. Akaitafuta kwenye droo, akapiga." Alicheka akakohoa. "Nimejifunza kutotoka dirishani."

Nikauliza lile nililoogopa kuuliza.

"Aliniona," alisema Madamu. "Tulikaa karibu na dirisha kubwa, mchana, magoti yanagusana. Akanitazama sana, kutoka huku mpaka huku. Akasema nimezeeka kuliko yeye."

"Ni kweli?"

"Ni muongo yule," alisema, na machozi yakamjaa. Akanipokonya pasipoti haraka, akaisogeza mbali, isije ikalowa.